Abiria wa Meli Katikati ya Jangwa

Mpenzi msomaji, ikiwa umewahi kuishi Mombasa, Lamu au Unguja, bila shaka unawajua watalii wa meli. Asubuhi meli yao nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, hutia nanga. Saa tatu hivi mabasi huwashusha mjini wakiwa na kofia pana, kamera vifuani na chupa za maji mikononi. Huzunguka Ngome ya Yesu, hupenya vichochoro vya Mji wa Kale, hupiga picha ya paka, ya mlango wa nakshi na ya mzee aliyejikalia barazani kwake. Ikifika saa kumi alasiri wamekwisha kurudi walikotoka. Jioni meli hupiga honi ikashika njia, na mji hubaki kama uwanja wa arusi baada ya wageni kutawanyika.

Mimi ni mtoto wa mji huo wa kupigwa picha. Marehemu baba yangu alikuwa na meza ndogo karibu na Ngome ya Yesu. Aliuza vinyago, shanga na kofia za vito ambazo mama alizishona kwa mkono nyumbani. Kofia moja ilimchukua mama majuma kadhaa, kitundu baada ya kitundu, na mara nyingi nililala nikamwacha ameinamia sindano. Baba naye alizijua siku za meli kama wengine wanavyoujua mwandamo wa mwezi.

Lakini meli ilipoondoka, aghalabu alirudi na mzigo ule ule aliotoka nao.

“Mwanangu,” alizoea kuniambia, “mgeni wa meli hana njaa wala usingizi. Tumbo lake na kitanda chake amekiacha melini. Akishuka huku, ana macho tu.”

Mnamo 1998, nikiwa na umri wa miaka minane, mama mmoja wa Kizungu alinipiga picha nikiwa nimesimama kando ya meza ya baba, kofia ya vito mkononi. Alikuwa mcheshi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Aliandika nambari ya sanduku letu la posta katika kijitabu chake, akaahidi kwamba akifika kwao atanitumia picha. Baba alipita posta kila Ijumaa kwa muda mrefu. Hadi leo, mpenzi msomaji, picha hiyo ipo mahali fulani duniani, na mimi ninayeonekana ndani yake sijaiona.

Kisha ikaja Novemba 2005. Meli ya kitalii iitwayo Seabourn Spirit, iliyokuwa njiani kuja Mombasa kutoka Alexandria, ilishambuliwa na maharamia katika bahari ya Somalia. Iliponyoka, ikaelekea Ushelisheli. Baada ya hapo meli nyingi za watalii ziliikwepa pwani yetu kwa miaka. Baba aliingoja misimu miwili hivi, kisha akaikunja meza yake na kuanza kuuza kahawa tungu jioni. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kahawa ina faida moja: mnywaji huketi.

Utaniuliza, meli na Turkana wapi na wapi? Subiri kidogo, nakuja huko.

Mwaka uliopita nilialikwa kwenye ziara ya siku mbili katika Kaunti ya Turkana. Tulikuwa watu kumi na wawili: waandishi, wafanyabiashara wa utalii na wengine ambao sikupata kujua kazi zao. Tulipanda ndege ndogo Nairobi asubuhi, na kabla ya saa nne tulikuwa Lodwar. Mlango ulipofunguliwa, joto lilitupokea kama mtu aliyefunua tanuri ya mikate. Magari mawili yenye vipoza hewa yalikuwa yakitungoja. Ndani yake mlikuwa na masanduku ya barafu yaliyojaa maji, soda, kuku na matunda, vyote vimetoka mbali.

Hilo, wakati huo, nililiona kuwa jambo la busara.

Lodwar ni mji wenye historia nzito kuliko unavyoonekana. Umekaa kando ya Mto Turkwel, penye mikoma na migunga, na vilima vya mawe meusi vinauzunguka. Ni hapa alikoletwa Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1959. Alikuwa amehukumiwa Kapenguria mnamo Aprili 1953, akatumikia kifungo chake Lokitaung, kaskazini zaidi. Alipokimaliza hakuachiliwa kwenda nyumbani, bali alihamishiwa Lodwar awekwe kizuizini. Alikaa hadi Aprili 1961 alipopelekwa Maralal, na Agosti mwaka huo ndipo alipokuwa huru.

Kwa nini Lodwar? Kwa sababu serikali ya kikoloni iliamini kwamba mtu akipelekwa huko, amepotea. Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa, ambazo mgeni hakuziingia bila kibali. Jangwa lilifanya kazi ya ukuta, nalo halikudai mshahara.

Nyumba aliyozuiliwa Mzee ingalipo, na sisi tulipelekwa kuiona. Ratiba ilitupa dakika arobaini. Mwenzetu mmoja alisimama mlangoni, akashika kichwa kwa mikono miwili kama mfungwa aliyekata tamaa, wenziwe wakampiga picha huku wakicheka. Nami nilicheka. Dakika arobaini zilipoisha, dereva aliwasha gari.

Nje palikuwa na akina mama wa Kiturkana waliotandika vikapu vya miaa ya mkoma. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye shanga zilizopandana shingoni hadi kidevuni, aliniinulia kikapu kizuri chenye mistari myeusi.

“Ejok?” nilimsalimu, kwa kuwa neno hilo nilikuwa nimefundishwa ndani ya ndege.

“Ejok-noi,” akaitikia, kisha akahamia Kiswahili. “Mia sita.”

Nikamwambia mia tatu. Akatikisa kichwa. Nikageuka kama ninayeondoka, kama wateja wote wafanyavyo. Akaniita. Tulimalizana kwa mia tatu na hamsini, nikaingia garini nikijiona mjanja, nikawaonyesha wenzangu.

Dereva wetu, kijana wa Lodwar, alikitazama kikapu kile katika kioo chake. “Madam,” akasema taratibu, “mama yangu pia anasuka. Hiki ni kazi ya siku nyingi. Kwanza unatafuta majani, unayakausha, unayatia rangi, ndiyo unaanza.”

Hakusema zaidi. Lakini mimi nilimwona mama yangu ameinamia kofia usiku, nikamwona na mtalii akigeuka kama anayeondoka, na baba akimwita arudi. Mpenzi msomaji, kipoza hewa kilikuwa kikivuma, lakini nilitoka jasho.

Alasiri tulikwenda Kalokol, mwendo wa takriban kilomita sitini, kuliona Ziwa Turkana. Ukiliona kwa mara ya kwanza utafikiri ni bahari: maji ya rangi ya kijani yasiyo na mwisho, mawimbi, pepo kali, wavuvi na mitumbwi. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani. Waturkana huliita Anam Ka'alakol, maana yake ziwa la samaki wengi.

Lakini kwa karibu miaka tisini ramani zililiita Ziwa Rudolf. Mnamo 1888 walifika wasafiri wawili kutoka Ulaya, Teleki na von Höhnel, wakaamua kulipa jina la mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria. Rudolf huyo alifariki Januari 1889, wala ziwa lenyewe hakuliona hata siku moja. Kenya ililibadilisha jina mwaka 1975.

Hapo Kalokol pana kumbukumbu nyingine ya wageni. Serikali ya Norway ilijenga kiwanda cha samaki, kikakamilika mapema miaka ya 1980. Mashine za kugandisha samaki zilifanya kazi siku chache tu, kwani umeme na maji safi vilihitajika kwa wingi na gharama haikubebeka. Waliokijenga walikuwa na nia njema, nami siwacheki. Kijana wetu alituambia kwamba wazee wa hapo wangewaeleza mapema, laiti wangeulizwa. Ziwa hupanda na kushuka, na Mturkana mali yake ya kwanza ni mbuzi na ngamia, si minofu ya barafu.

Jioni hiyo, samaki wabichi wakipita mbele yetu vichwani mwa akina mama, sisi tulifungua masanduku yetu tukala kuku wa Nairobi.

Siku ya pili tulishika barabara ya Kakuma, kama kilomita mia moja na ishirini kaskazini-magharibi. Kabla sijaendelea, nikuchekeshe kidogo. Nimesoma mara nyingi, katika maandishi ya wageni, kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya “mahali pasipokuwepo.” Wewe na mimi tumesoma Kiswahili tangu shule ya msingi. Umewahi kulisikia neno hilo? La hasha! Mgeni mmoja aliliandika, wa pili akamnakili, wa tatu akawaamini wote wawili. Hakuna aliyeshuka garini kumwuliza mwenyeji.

Mahali penyewe papo, tena pana watu. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wamefukuzwa na vita kwao, wakakimbilia Ethiopia, na mwaka 1991 wakalazimika kukimbia tena. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa karibu yake. Leo Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina watu zaidi ya laki mbili, wakiwemo vijana wengi waliozaliwa hapo hapo. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilichapisha utafiti uliohesabu biashara zaidi ya 2,000 kambini. Na katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, Rose Nathike Lokonyen aliyekulia Kakuma ndiye aliyeibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi.

Sisi tulipangiwa saa moja na nusu. Vibali vyetu vilikuwa tayari. Magari yalipita polepole katika barabara ya maduka, nasi tukitazama kushoto na kulia: duka la Msomali lenye vitambaa, mkahawa wa Kiethiopia unaonukia kahawa, kinyozi, fundi wa simu, kioski cha filamu. Nilishusha kioo, nikampiga picha msichana mdogo aliyeketi kando ya karai la mandazi. Jua lilikuwa limempata vizuri usoni. Nikapandisha kioo.

Kumbe gari lilikuwa limesimama hatua chache mbele. Nikasikia kioo kikigongwa. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amefunga kitenge.

“Dada,” akasema, “umekamata foto ya mtoto wangu. Njoo ukamate na jina lake.”

Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, ambako picha hukamatwa. Na ndivyo hasa nilivyokuwa nimefanya. Nilikuwa nimekamata kitu cha mtu na kufunga kioo.

Nilishuka. Kwa aibu, nikatoa noti ya shilingi mia mbili nimpe. Aliitazama wala hakuipokea.

“Foto haiuzwi,” akasema. “Mandazi ndiyo inauzwa.”

Basi nikanunua mandazi, nikakaa kwenye kijiti karibu na karai nikaanza kula. Hicho kilikuwa chakula changu cha kwanza kutoka Turkana tangu nilipotua. Aliniambia ametoka Kivu Kusini, na kwamba binti yake, mwenye miaka minane, alizaliwa hapa Kakuma. Jina lake nilipewa, lakini hapa sitaliandika, kwani nilipewa mimi, halikupewa gazeti.

Nikamwambia kwamba jana nilikuwa Lodwar, tumeiona nyumba ya Mzee Kenyatta.

“Lodwar ni kuzuri?” aliuliza.

Nikashangaa. Lodwar ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Alinieleza bila uchungu kwamba kwenda huko anahitaji kibali cha kutoka kambini, na kwamba kibali hutafutwa kwa sababu maalumu kama matibabu au masomo, si kwa kutembea.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana kichwani mwangu. Jana tulikuwa tumepigana picha, tukicheka, mahali ambapo mtu mmoja alizuiwa asitoke. Leo nilikuwa nikila mandazi ya mama aliyehitaji karatasi ili akaione nyumba hiyo. Simlinganishi mkimbizi na mfungwa, wala sisahau kwamba nchi hii iliwapokea watu waliokuwa wakiuawa kwao. Najua pia kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, pamoja na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, vinaahidi kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida. Natumaini ahadi hiyo itatimia. Lakini siku ile mimi nilikuwa na ndege ya saa tisa, na yeye hakuwa na ruhusa ya kupanda matatu.

Honi ya gari ililia. Niliposimama, msichana akazungumza kwa mara ya kwanza. “Utaniletea foto?”

Nikamwahidi. Mama yake hakuwa na simu ya kupokea picha, ila ile ndogo ya kupiga na kupokea tu, hivyo niliandika nambari katika kijitabu changu. Nilipokuwa nikiandika niliuona mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba.

Jioni nilikuwa nyumbani kwangu Nairobi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuliondoka siku ya pili. Hakuna aliyepata nafasi ya kutupa jembe.

Sasa nikuungamie, mpenzi msomaji. Ungefikiri kwamba mtu aliyeingoja picha yake tangu 1998 angetuma ya mwenzake siku ya pili tu. Sikufanya hivyo. Palikuwa na makala za kuandika, kodi ya nyumba, mtoto aliyeugua, mvua. Kijitabu kilikaa mkobani majuma sita. Nilimkumbuka yule mama wa meli, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa. Labda hakuwa mwongo. Labda alifika kwao, akayakuta maisha yake mlangoni yakimngoja. Nilimwelewa, wala sikufurahi kumwelewa.

Jumamosi moja niliisafisha picha, nakala mbili kubwa, nikaitia katika bahasha ngumu na kuipeleka kwenye ofisi ya mabasi yaendayo Kakuma kupitia Kitale na Lodwar. Katika safari hiyo hiyo nilituma shilingi mia mbili na hamsini kwa yule kijana dereva, ampelekee mama wa vikapu. Alinijibu kwamba alimpata, na kwamba mama alicheka sana, akasema mteja wa namna hii hajapata kumwona. Sijui kama alinisifu au alinisikitikia.

Nakuandikia haya si kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Nakuandikia kwa sababu likizo zinakuja, na huenda ukaifikiria Turkana, nami ningependa uifikirie. Kuna sherehe za Tobong'u Lore mjini Lodwar, jina ambalo maana yake ni karibu tena nyumbani. Kuna mawe ya kale yaliyosimama kando ya njia ya Kalokol. Kuna Nariokotome, ambako mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mwana wa nchi hii, alivumbua mabaki ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Nenda. Ila usiende na meli yako.

Naam, meli si lazima iwe ya chuma baharini. Meli ni sanduku la barafu ulilolijaza Nairobi. Meli ni kioo kilichopandishwa. Kula samaki wa Kalokol. Lala katika nyumba ya wageni ya mwenyeji. Uliza jina kabla ya picha. Usijione shujaa kwa kumpunguzia mama shilingi mia mbili na hamsini ambazo kesho utanunulia soda na chipsi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni amekuja na macho tu.

Siku nne baada ya kupeleka bahasha, simu yangu ililia usiku. Niliitambua sauti.

“Foto imefika,” akasema. Nyuma yake nilimsikia msichana akipiga kelele za furaha. “Imebandikwa ukutani. Majirani wanakuja kuiona. Sasa wewe dada, utafika lini?”

“Mbona nimekwisha kufika,” nikamjibu kwa mzaha. “Umesahau mandazi?”

“Hapana,” akasema, naye hakuwa na mzaha. “Siku ile ulipita.”